Orodha nzito kwenye Django: nilivyotatua bila kubadili fremuweki

Kurasa za mwanzo za orodha yangu kwenye Django (fremuweki, yaani kiunzi cha kujengea programu za wavuti kwa Python) zilifunguka haraka. Ukifika mbali, tuseme ukurasa wa 5,000, seva ilihema hadi muda wa kusubiri ukaisha. Wazo la kwanza lilikuwa kuhamia Node.js, yaani kuendesha seva kwa JavaScript. Jaribio dogo, likisoma hifadhidata ileile ya PostgreSQL, lilikwama palepale. Kache (kuhifadhi majibu tayari ili yasitafutwe upya) nayo ilisaidia tu kurasa zinazotembelewa sana.

Jibu lilitoka kwenye EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha jinsi hifadhidata inavyotekeleza hoja (ombi la data). OFFSET 249950, yaani agizo la kuruka rekodi 249,950 kufikia ukurasa wa 5,000, hairuki chochote: hifadhidata inasoma rekodi zote hizo, inazitupa, ndipo ikupe 50 ulizoomba. Hapo hakuna fremuweki itakayokuokoa.

Kwanza niliweka select_related ya Django, ili jina la mteja lije kwa JOIN (kuunganisha majedwali) moja badala ya hoja 50 za ziada. Kisha nikaondoa OFFSET, ukurasa unaofuata ukaanzia pale ulipoishia uliotangulia:

WHERE (tarehe, id) < ('2024-03-01', 8812)
ORDER BY tarehe DESC, id DESC LIMIT 50

Usiidharau hiyo id, namba ya kipekee ya kila rekodi. Ukitumia tarehe peke yake, rekodi zenye tarehe moja zikiangukia mpakani mwa kurasa mbili, baadhi hurukwa kimyakimya; logi haitaonyesha kosa lolote. Faharasa (index, inayoharakisha utafutaji) nayo iwe moja ya (tarehe, id) kwa pamoja, si mbili tofauti.

Unachopoteza ni kurukia ukurasa wowote kwa namba yake. Weka kichujio cha tarehe. Kwa orodha ndefu kiasi hicho, watu hutafuta kwa tarehe hata hivyo.