Kilo 2 tu, lakini kiuno kimeingia sentimita 8

Kwa mwaka mzima wa mazoezi, mizani inasema nimepungua kilo 2: kutoka 76 hadi 74. Ukiniuliza kama mazoezi yamenisaidia nitakujibu ndiyo bila kusita. Kiuno kimetoka sentimita 97 hadi 89, na ndoo ya maji ya lita 20 ambayo nilikuwa naiburuza, sasa naipandisha ngazi hadi ghorofa ya pili bila kuitua.

Nilianza kwa sababu ya mama. Ana kisukari, na siku daktari wake alipotutaka sisi watoto tujiangalie, hakunipandisha kwenye mizani. Alichukua futi kamba akanipima kiuno. Akaeleza kwamba mafuta yenye balaa zaidi ni yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo. Kwa mwanamke, kiuno kikipita sentimita 80 hatari ya kisukari na maradhi ya moyo inaanza kupanda, na kikipita 88 imepanda sana. Kwa mwanaume ni 94 na 102. Akaongeza kipimo kingine ambacho hata bibi yangu angekielewa: kiuno kiwe chini ya nusu ya urefu wako. Mimi nina sentimita 162, kwa hiyo nusu yangu ni 81.

Tangu siku hiyo mizani nikaiweka pembeni. Mizani inajumlisha mifupa, misuli, maji, mafuta na ugali wa jana usiku, halafu inakupa namba moja. Maji peke yake yanatosha kukuchanganya. Wanga ambao mwili unauweka akiba kwenye misuli na ini, kila gramu yake hukaa na gramu 3 hivi za maji. Ndiyo maana mtu akiacha wali na ugali wiki moja kilo zinashuka kwa kasi, anashangilia, na mafuta yako palepale. Sisi wanawake tuna na zile siku za kukaribia hedhi, mwili unavimba maji na kilo zinapanda bila kosa lolote. Inaniuma kuona dada zangu wanaacha mazoezi kwa sababu ya namba ya asubuhi moja.

Kupima kwenyewe nafanya hivi. Jumapili asubuhi, kabla ya chai, natafuta kwa kidole ubavu wa mwisho na ncha ya mfupa wa nyonga, napitisha futi kamba katikati ya hapo, natoa pumzi kama kawaida bila kuvuta tumbo, nasoma, naandika kwenye daftari. Pembeni ya kiuno naandika uzito wa chuma nilichonyanyua wiki hiyo. Safu hizo mbili zinanitosha.

Chuma ndicho kilichobadilisha mambo. Zamani nilikuwa nakimbia tu na kujinyima chakula, na ukijinyima hivyo sehemu ya kilo zinazoondoka ni misuli. Misuli ndiyo inayovuta sehemu kubwa ya sukari kwenye damu baada ya kula, kwa hiyo mtoto wa mgonjwa wa kisukari hana sababu ya kuipoteza. Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya kukaza misuli angalau siku 2 kwa wiki, mimi nafanya 3. Nilianzia nyumbani kwa kuchuchumaa na kusimama nikiwa nimekumbatia dumu la maji, pushapu za ukutani, kisha za sakafuni. Baadaye nikaingia jimu ya mtaani. Kila zoezi likizoeleka, naongeza uzito kidogo.

Chakula sikukikata sana. Nilichobadilisha ni kitoweo, hakikosekani kwenye mlo wowote. Asubuhi mayai 2, ambayo ni gramu 12 hivi za protini, mchana maharage au dagaa, usiku samaki au kuku akipatikana. Ugali upo, ila umepungua kwenye sahani.

Kuna kipindi mizani ilisimama 76 miezi kadhaa, na marafiki wakawa wananiuliza, "Shoga, mbona hupungui?" Nikaenda kwa fundi wangu kushona gauni la harusi ya binamu. Yule mama ana daftari la vipimo vya wateja wake wote. Akanipima, akaangalia ukurasa wangu, akanipima tena. "Mwanangu, kiuno kimeingia, mabega yametanuka. Unafanya nini siku hizi?" Nilifurahi mpaka nikaagiza gauni la pili.

Zile mashine zinazotoa asilimia ya mafuta nazo usizitegemee sana. Zinapitisha umeme mdogo mwilini na kukadiria kutokana na maji yaliyomo, kwa hiyo jasho au chupa ya maji inatosha kubadilisha jibu. Na picha za mtandaoni zinazoonyesha kilo ya mafuta ikiwa kubwa mara tatu ya kilo ya misuli zimetiwa chumvi. Lita ya mafuta ina gramu 900 hivi, ya misuli 1,060 hivi. Tofauti ipo, ila si ya kutisha. Kiuno changu kimeingia kwa sababu mafuta ya tumboni yametumika, na kilo nyingi zilizotoka huko zimerudi zikiwa misuli ya mapaja, mgongo na mabega.

Kutoka 89 hadi 81 zimebaki sentimita 8. Mwezi ujao kocha ananiongezea kilo 5 kwenye chuma cha kuinua kutoka chini.