Siku yangu kwenye kitengo: watoto 31 na shilingi mia tano

Saa 11:00 alfajiri
Adhana inanikuta jikoni. Maji yakiwa mekoni, napiga pasi sare mbili za ziada, zile zilizowabana wanangu. Nazibeba kila siku kwa sababu lazima kuna mtoto atajichafua kabla ya saa nne. Mimi ni mwalimu wa elimu maalum katika shule ya msingi ya serikali mkoani Tanga, kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili. Nilisomea Patandi, Arusha. Tuko walimu wawili na watoto 31.

Saa 12:45 asubuhi
Bibi ameshafika, mjukuu yuko mgongoni ndani ya kanga. Mtoto ana mtindio wa ubongo, ana miaka tisa, na miguu yake inakaribia kugusa magoti ya bibi. Kiti mwendo alichopewa na msamaria tairi lilipasuka mwezi Juni.
"Shikamoo, bibi."
"Marahaba, mwalimu. Leo kalala vizuri."
Nampokea. Bibi ananyoosha mgongo taratibu, kisha anakaa chini ya mwembe kusubiri mpaka saa sita, maana kwenda nyumbani na kurudi hawezi.

Saa 2:00 hadi saa 4:00
Paredi, mahudhurio, kisha vifungo. Nimeshona kipande cha turubai chenye vifungo vinne vikubwa vya koti. Binti wa miaka 12 amekuwa nacho tangu Agosti. Anashika kifungo kwa vidole vitatu, anakisukuma, kinateleza, anakisukuma tena. Cha kwanza. Cha pili. Kwenye cha tatu anatoa ulimi nje kidogo, kama fundi anayetunga uzi kwenye sindano. Kinapita. Anageuka kunitazama kama nimeona. Nimeona, mwanangu. Kujihudumia ndilo somo letu kubwa: kunawa, kuvaa, kwenda chooni, kula bila kumwaga. Mkaguzi akiuliza daftari la binti huyu liko wapi, nitamwonyesha turubai.

Saa 4:15
Uji, wa mahindi ya wazazi. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, ila sare, madaftari na chakula cha mchana vilibaki kwa mzazi. Kwenye kitengo, mzazi mwenyewe mara nyingi ni bibi, au mama aliyeachwa siku ile ile daktari alipotaja ulemavu wa mtoto.

Uji haujaisha, mtoto mmoja amejisaidia nguoni. Mwenzangu anabaki na 30, mimi naenda bombani na mmoja. Sabuni, ndoo, sare ya kwanza kutoka mfukoni. Dakika 25.

Saa 6:30 mchana
Mwalimu mkuu ananiita. Ruzuku ya uendeshaji, ile walimu tunaiita kapitesheni, imeingia. Niieleze kidogo, maana wazazi wengi husikia tu kwamba serikali imeleta hela. Kiwango cha shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 ni za vitabu na hubaki serikali kuu. 6,000 ndizo za shule. Gawanya kwa miezi 12: mia tano kwa kichwa. Watoto 31 ni shilingi 15,500 kwa mwezi, na humo humo mna chaki, karatasi, mitihani, michezo, ukarabati na utawala. Simlaumu mwalimu mkuu. Shule ina wanafunzi 846 na paa la darasa la tano linavuja.

Ninachosema ni hiki: mia tano ya mtoto anayevaa mwenyewe na mia tano ya mtoto wa bibi haziwezi kuwa sawa. Na serikali inajua kutofautisha. Mwanafunzi wa sekondari anahesabiwa 25,000, kwa kuwa gharama zake ni kubwa zaidi. Basi na mtoto wa kitengo apewe kiwango chake.

Vifaa vya mgawo wa wizara huwa vinakuja, na wenzangu wanaofundisha wasioona wanazishukuru sana mashine za nukta nundu. Lakini kwa watoto wangu kifaa kikubwa ni mtu: mlezi wa kushika ndoo ili mwalimu abaki darasani. Mtu huyo hayumo kwenye hesabu ya mia tano.

Leo nimeomba bomba la chuma la kushikilia chooni. Mwalimu mkuu ameandika, kisha akaongeza sabuni bila kuombwa.

Saa 9:30 alasiri
Oktoba ni mwezi wa uandikishaji. Mwenyekiti wa kitongoji ameninong'oneza kuhusu nyumba moja yenye mtoto wa miaka minane asiyetoka nje. Mtoto asiyeandikishwa hana hata hiyo mia tano. Kwa serikali ni kama hajazaliwa.

Mama ananikaribisha mkekani. Mtoto yuko uani, kivulini, anakunja na kukunjua jani la mgomba. Tunaongea mpaka chai inapoa. Hajauliza ada wala sare. Anauliza moja tu:
"Mwalimu, akijisaidia, nani atamwosha?"
"Mimi, mama."
Ananitazama muda mrefu. Kisha anaingia ndani, anarudi na kadi ya kliniki iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

Saa 3:00 usiku
Wanangu wamelala. Naandika jina la 32 kwa penseli, mpaka apimwe na wataalamu. Nikishafunga daftari, natafuta kabatini sare ya tatu.