Siku moja wodini: jicho lililokuja na mvumo

Saa 1 asubuhi. Napokea ripoti ya usiku wodi ya upasuaji wa ubongo, Hospitali ya Mnazi Mmoja, Zanzibar. Wengi ni wa ajali za vespa. Msimu wa karafuu ukifika tunapokea na walioanguka mikarafuuni Pemba.

Saa 2, raundi. Fahamu, mboni, presha.

Saa 4, kliniki. Kijana wa Wete kaja na mama yake. Alianguka mkarafuuni, akalazwa, akaruhusiwa. Wiki kadhaa baadaye jicho la kushoto limekuwa jekundu, limetokeza nje, na anaona vitu viwili viwili.

Mama ananiambia: "Mwanangu, dawa za matone tushatia, wapi! Na usiku halali, asema kichwani mna mvumo."

Neno hilo la mvumo ndilo lililomsimamisha daktari. Akamwambia kijana afumbe macho, akaweka stetoskopu juu ya kope, mkono mwingine ukiwa kwenye mapigo ya kifundo cha mkono. Kisha akanipa nisikilize: vuu, vuu, kama wimbi la pwani, sawasawa na mapigo. Macho mekundu ya kuambukizana hayavumi.

Nyuma ya jicho, ateri ya karotidi, mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani, hupita ndani ya uwazi uliojaa damu ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Fuvu likivunjika, ateri inaweza kuchanika humo humo. Damu ya kasi huingia kwenye vena na kurudi nyuma hadi jichoni. Ni nadra, lakini ikiachwa huweza kupofusha, au damu ikavuja kwenye ubongo.

Saa 6, CT skani ya dawa ya kuonesha mishipa. Vena ya juu ya jicho imetanuka. Rufaa ya Dar es Salaam, akafanyiwe angio, picha ya ndani ya mishipa ya damu.

Saa 8 nakaa na mama. Anaogopa kichwa kupasuliwa. "Hapana, mama. Mrija mwembamba utapitia mshipa wa kinenani hadi penye tundu, walizibe kwa nyuzi za madini." Zamani zilitumika puto ndogo, daktari wa upasuaji wa ubongo Fedor Serbinenko wa Moscow alichapisha njia hiyo 1974. Akauliza kama ataona. Nikamwambia kweli: mvumo mara nyingi hukoma tundu likizibwa, uoni hutegemea jicho limebanwa kwa muda gani. Ndiyo maana nimeihimiza rufaa hii kwa nguvu zote.

Saa 12 jioni, nakabidhi zamu. Nimeandika kwa wino mwekundu: kijana, akisubiri safari, ahesabishwe vidole kwa jicho la kushoto kila baada ya saa nne, akikosea, au puani pakitoka damu nyingi, daktari aitwe papo hapo.