Mashimo ya boriti ndiyo yaliyonipa orofa

Kila aliyesikia kwamba nataka kurudisha orofa ya nyumba ya marehemu bibi, pale Mkomani, katika Mji wa Kale wa Lamu, alinipa ushauri mmoja: jenga usiku. Ami yangu, mtu wa heshima zake anayeswali safu ya mbele, aliniketisha barazani akapunguza sauti: "Mwanangu, ukishapeleka karatasi kwa watu wa makumbusho umejifunga. Hata msumari hutapiga. Lete mawe Ijumaa jioni. Jumatatu wakija watakuta ukuta umesimama, watafanya nini?" Binamu wa Mombasa naye alitaka nimwage zege, nisimamishe nguzo, niachane na chokaa, maana chokaa ni mambo ya mabibi. Leo orofa iko juu, kibali kiko ndani ya fremu ukutani (ndiyo, nimekitia fremu, wanaonicheka na waendelee), na si ami wala binamu aliyekwisha kuniambia hongera.

Tuanze na nani ni nani, kwa sababu hapa Lamu watu huwatupa wote kapu moja na kuwaita "makumbusho". Mji wa Kale ulitangazwa katika gazeti rasmi la serikali mwaka 1986 kuwa eneo la kuhifadhiwa, na mwaka huohuo Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakafungua ofisi ya uhifadhi hapahapa mjini. Tume ya mipango ya mji ilikuja 1991. UNESCO wakatuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema masharti haya yameletwa na Wazungu wa UNESCO, mwambie ahesabu miaka: tume ina umri wa miaka kumi zaidi ya orodha. Baadaye ikaja Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006, kisha 2013 kaunti ikachukua nafasi ya baraza la zamani.

Tume yenyewe haikuandikii kibali. Kazi yake ni kushauri: panapozuka jambo jipya, au mjenzi na jirani wakivutana, au ombi likiwa halieleweki limo au halimo katika mpango wa uhifadhi, ndipo inapoingia. Jicho la kiufundi ni la ofisi ya uhifadhi, na kibali cha ujenzi hutoka kaunti. Nilipolielewa hilo nilipumua, kwa sababu hofu yote ya ami ilikuwa ya kitu ambacho hakipo: jopo la mabwana wakubwa linalokaa kusubiri kusema hapana.

Mambo ya mirathi nayaruka. Kila mwenye nyumba Lamu anajua maana ya kukusanya sahihi za warithi, mmoja Jeddah, mmoja Mombasa, na mmoja hasemi na mwenzake tangu arusi ya mtoto. Hapo ndipo ulipoishia muda mwingi kuliko ofisi zote.

Nije kwenye ramani ya binamu, maana hiyo siwezi kuiacha. Alinitafutia mchora ramani wa huko kwao, kijana mwenye kompyuta, na pesa ikatoka, kama laki hivi ukijumlisha na usafiri wake wa kuja kupiga picha na kula samaki. Ramani ilikuwa nzuri kweli. Rangi, kivuli, hadi miti alichora, kwenye uchochoro usiooteka hata jani la mchicha. Orofa ilikuwa na madirisha ya vioo ya kusukuma, roshani iliyotokeza njiani, na ukumbi mmoja mpana wa kukaribishia wageni. Nikaipeleka ofisi ya uhifadhi nimevaa buibui jipya.

Afisa aliifungua, akaitazama kwa adabu, akauliza: "Dada, ukumbi huu upana wake mita ngapi?" Nikasoma: mita tano na ushei. Akauliza tena, taratibu: "Na boriti ya mita tano utaikata msitu gani?" Hapo nikaanza kucheka mimi mwenyewe. Nyumba zetu za mawe zina vyumba virefu vyembamba kwa sababu ya mkoko. Boriti moja inabeba dari kwa upana usiofika mita tatu, na juu yake kuna mawe na chokaa, mzigo si haba. Mafundi wa zamani walianza na urefu wa mti, ndipo wakapima chumba: kumbi nyembamba tuziitazo msana, wa nje na wa ndani, kisha chumba cha ndani kabisa chenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, vyote vimepangwa kwa kufuata mti. Mchora ramani alianza na kochi.

Roshani nayo ilipigwa kalamu palepale. Njia yetu, akipita punda na shogi lililojaa mawe, mtu inabidi ajibanze dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, mpaka apite. Ukitokeza kitu juu ya njia ile unamfungia jirani wa mbele upepo na mwanga. Nikamwambia afisa, mbona kuna nyumba zina wikio, chumba cha juu kinachovuka njia nzima? Akanijibu kwamba wikio la zamani linatunzwa kwa sababu ni la zamani na lilijengwa kwa maelewano ya nyumba mbili, mara nyingi za ukoo mmoja. La kwangu lilikuwa la nani na nani? Sikuwa na jibu. Kwa anayetaka kujua wanakazia wapi: uso wa nyumba kwenye njia, kimo, mlango, na vifaa vya ujenzi. Ukitaka kugeuza kijichumba cha ndani kuwa jikoni mtazungumza kwa urahisi zaidi. Ukitaka kugusa ukuta wa njiani, chukua kiti ukae.

Binamu bado anasema ramani ile ilikuwa ya kisasa.

Sasa shida yenyewe. Swali lililobaki mezani halikuwa orofa iwe ya namna gani, lilikuwa kama orofa iliwahi kuwako. Kurudisha kilichoanguka ni jambo moja. Kupandisha nyumba ambayo siku zote ilikuwa ya chini ni jambo jingine, kwa sababu kimo cha mtaa mzima kinabadilika. Wazee wa mtaa walisema iliwako. Mmoja aliapa kwamba alisomea Kurani huko juu. Mwingine, kwa yakini ileile, akaapa kwamba palikuwa na banda la makuti tu la kuanikia nguo. Picha hatuna. Bibi hakupenda kupigwa picha, seuze nyumba yake. Mpaka hapo ombi langu lilikuwa neno la mzee mmoja dhidi ya la mwenzake.

Darini kwetu, yaani juu ya paa, upande wa kusini, kuna ukuta tunaoshirikiana na jirani, wa kwake unapanda juu zaidi ya wetu. Umepakwa chokaa mwaka baada ya mwaka tangu enzi za babu zetu, na mchana ukiutazama ni mweupe tu. Usiku mmoja baada ya isha umeme umekatika, nimepanda kuanua nguo, tochi ya simu nimeiweka juu ya ukingo, imelala ubavu. Mwanga ukaupiga ukuta kwa pembeni badala ya mbele. Nikaona vivuli. Vibonde vya mraba, vimejipanga msitari, nafasi kati yao sawasawa kama meno ya kitana.

Nilimwita mpwa wangu, nikampa tochi aishike vilevile, imegusana na ukuta, asiinue. Mimi nikawa nazungushia kila kivuli kwa kaa la jikoni. Tulipomaliza msitari wa kwanza tukaona juu yake kuna vibonde vingine viwili, virefu kidogo, na kimoja kina nusu ya upinde. Zidaka! Watu hawatii zidaka kwenye banda la kuanikia nguo.

Asubuhi nilikwenda kwa jirani kuomba ruhusa ya kuukwaruza ukuta wake. Alinitazama hivi, akaniuliza kama nimelala. Lakini akapanda, akaona alama za kaa, akasema, "Haya, bismillahi, lakini usiniangushie nyumba." Nikakwaruza shimo moja kwa kijiko cha chai. Tabaka za chokaa zikawa zinatoka jani kwa jani, halafu udongo mwekundu, halafu kijiko kikagonga mbao. Kisiki cha boriti, kimekatwa mraba si duara, na kwenye upande wake wa chini, uliokuwa ukitazama chumbani, kuna mabaki ya rangi nyekundu iliyofifia. Boriti ya nyumba ya heshima, ilipakwa rangi ili mgeni akiinua macho aione. Niliruka darini mpaka jirani akanishika mkono.

Hapo sikugusa tena. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wakipata kitu hushika sululu: acha. Nilitandaza futi ya chuma chini ya mashimo, nikapiga picha usiku kwa mwanga wa pembeni na mchana kwa mwanga wa kawaida, nikampigia afisa. Alikuja na mwenzake, wakapima kila shimo, wakachora wenyewe kwa penseli. Ramani yangu ya pili ilitokana na mashimo yale: kimo cha sakafu kilikuwa kimeshaandikwa ukutani, upana wa chumba umeshaandikwa, hata zidaka zimetuonyesha mahali pake. Aliyeichora ni kijana wa hapahapa, kwa bei ambayo ukiiweka kando ya laki ya binamu utaona haya.

Mbele ya tume, mezani penye watu wa kaunti, wa makumbusho na wenyeji wa mji, suala la mashimo halikuchukua hata muda wa kikombe cha kahawa. Walichokaa nacho ni dirisha. Jirani wa nyuma alileta lalamiko kwamba dirisha langu la juu litaangalia kiwanda chake, yaani ua wake wa ndani, na binti zake wanakaa pale kichwa wazi. Mimi nilikuwa nataka upepo wa kaskazi. Nilikasirika, nisiseme uongo. Lakini mzee mmoja aliuliza kwa nini nyumba za zamani za mtaa ule hazina madirisha makubwa yanayotazama nje, tukanyamaza wote, kwa sababu jibu tunalijua: nyumba ya Lamu inapumua kupitia kiwanda chake chenyewe, na sitara ndiyo iliyoipanga. Dirisha likageuzwa likatazama kiwanda chetu, na upande wa nyuma nikaachiwa matundu madogo ya juu, yasiyofikiwa na macho ya mtu aliyesimama. Upepo unapita. Si kama nilivyotaka, ila unapita.

Ujenzi wenyewe nausema kwa ufupi, isipokuwa habari ya simiti. Mawe tulileta kutoka Maweni, ng'ambo ya Manda, ambako wanayachonga kwa mkono. Mashua mpaka gatini, kutoka hapo punda. Boriti zilitutoa jasho. Tangu marufuku ya ukataji miti ya 2018, iliyogusa hata mikoko yetu, bei haijarudi ilipokuwa, na nzuri zilizonyooka huisha mapema, kwa hiyo agiza kabla hujaanza kitu kingine chochote. Chokaa ilirowekwa shimoni miezi, fundi akikataa kuigusa kila nilipomuuliza kama bado. "Mama, haijalala," ndiyo jawabu lake.

Simiti sasa. Ukuta wa chini wa nyumba hii aliwahi kuutengeneza mpangaji mmoja, kwa nia njema, kwa plasta ya simiti safi, laini, ya kijivu. Fundi alianza kuugonga kwa mpini wa nyundo, kutoka mlangoni kuelekea ndani, akisikiliza. Ko, ko, ko, halafu bo. Akatia ncha ya mwiko, kipande kizima kama sinia kikadondoka, na nyuma yake ukuta ulikuwa majimaji, chumvi imeota nywele nyeupe, matumbawe yanasagika kwa kidole. Mawe yetu yanavuta maji kutoka chini na yanataka kuyatoa. Chokaa huyapitisha, simiti huyafungia ndani, na chumvi ikikosa njia hula jiwe. Ule ndio ukuta ambao binamu alitaka tuupandishie zege. Tuliubandua wote, tukauacha uchi ukakauka msimu mzima kabla ya kupaka chokaa, na chokaa nayo tukaifunika magunia mabichi isikauke kwa pupa. Gharama ya kubandua ilikula sehemu nzuri ya bajeti, laki mbili hivi au ikazidi, sikupenda kujumlisha.

Wanaouliza kama wenye ofisi hawa ni wagumu: mwite afisa aje aone nyumba kabla hujamlipa mchora ramani hata shilingi. Kuja kwake ndiko kulikonipa fundi mzuri, ndiko kulikoniambia ni ukuta gani utabeba na upi hautabeba, na ushauri huo hakunitoza. Ramani yoyote atakayoiona kwanza mezani ataikuta na makosa, na makosa hayo umeshayalipia.

Kilichobaki ni tangi la maji. Tangi jeusi la plastiki juu ya dari ya Mji wa Kale linaonekana toka mbali, na nimeombwa lishushwe nyuma ya ukingo lisionekane njiani. Nimekubali, hata mimi silipendi. Anayelalamika ni kaka yangu, aliyepiga simu kutoka Jeddah kutaka liwe la lita 2,000 ili akija na wanawe waoge bila kuhesabu ndoo. Fundi amezitazama boriti, akasema zinakubali nusu yake. Kaka ameambiwa apeleke malalamiko kwa boriti.