Mchezo wa kubahatisha herufi na sheria zisizotajwa

Jioni hii nimekaa na mchezo wa kubahatisha neno herufi kwa herufi, ninaouandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, kwa ajili ya wanaoanza kujifunza kazi hiyo. Kompyuta inachagua neno na kuonyesha vistari, mchezaji anataja herufi mojamoja, akikosea mara 6 basi. Hiyo 6 imetokana na mtu wa kunyongwa anayechorwa tukicheza kwa karatasi, kiungo kimoja kwa kila kosa: kichwa, kiwiliwili, mikono miwili, miguu miwili. Huyo mtu nimemtoa. Anakula mistari mingi ya msimbo, yaani maagizo ya programu, na hafundishi kitu.

Msimbo wenyewe ni mfupi. Kazi iko kwenye maswali ambayo tukicheza kwa karatasi hakuna anayeyauliza, kwa kuwa tunaelewana kwa macho tu. Mchezaji akirudia herufi aliyokwisha kuitaja, anaadhibiwa? Akiandika A kubwa je? Akibonyeza Enter bila kuandika chochote?

Hilo la Enter ni tamu. Ukiiuliza Python kama maandishi fulani yamo ndani ya neno, maandishi matupu inayahesabu kuwa yamo, tena katika kila neno. Aliyebonyeza Enter tu anaambiwa "Umepatia!" na hakuna kistari kilichofunguka. Anayeandika "tab" wakati neno ni "kitabu" naye anapongezwa. Ningependa mwanafunzi ayaone haya yakitokea kwanza, ndipo aandike ukaguzi wa urefu, kwamba kilichoandikwa ni herufi moja tu. Ukimpa ukaguzi tayari, atauona ni urembo tu.

Jambo ninalolishikilia ni kwamba programu ikumbuke vitu viwili tu: neno la siri na seti ya herufi zilizotajwa. Mengine yahesabiwe upya kila zamu. Makosa ni herufi zilizo kwenye seti lakini hazimo kwenye neno. Ushindi ni pale vistari vinapoisha. Wanaoanza hupenda kuweka kihesabu cha kila kitu, kisha vihesabu vinaanza kupingana. Seti pia inamaliza lile swali la kurudia, maana haishiki kitu kimoja mara mbili, kwa hiyo aliyerudia hapotezi nafasi. Naona ni haki.

Orodha ya maneno ndiyo iliyonikalisha. Maneno ni ya Kiswahili, kwa hiyo q na x hazina kazi, na c haisimami bila h. Lakini "ng'ombe" je? Ritifaa ikionyeshwa tangu mwanzo inatoa siri, kwa sababu nyuma yake lazima kuwe na n na g. Ikifichwa, mchezaji anatakiwa kubahatisha alama ambayo si herufi. Nimeamua neno liandikwe kama orodha: ng', o, m, b, e. Python hupita kwenye orodha vilevile inavyopita kwenye maandishi, kwa hiyo sehemu inayochora vistari haikuguswa. Ukaguzi ndio uliobadilika: haupimi tena urefu, unauliza kama kilichoandikwa kimo kwenye orodha ya herufi zinazoruhusiwa, na humo ch na ng' zimeingia kwa hadhi kamili. (Maandishi matupu hayamo, kwa hiyo Enter imekwisha habari yake.)

Ugumu nao haufuati urefu. "Barabara" ina herufi 8, lakini a peke yake inafungua nusu, na mpangilio ule wa kupishana unamwambia mchezaji asihangaike sana na irabu nyingine. "Mbwa" ina 4. Mchezaji anataja a, inakaa mwishoni, anawaza meza, njia, mvua, anajaribu e, i, u, na nafasi 3 zimeondoka kabla hajagusa konsonanti hata moja. Kupanga ngazi kwa kuhesabu herufi, kama nilivyoona katika mifano mingi, hapa kungempa anayeanza maneno mabaya kuliko yote kwenye ngazi ya kwanza.

Kwa hiyo ninapanga kwa mkono. Kitabu, barabara na wenzake wako mwanzo. Mbwa, nge, nta na nchi, yaani mafupi yenye irabu moja tu, yamekwenda kwenye faili la ngazi ya mwisho. Kesho nitaandika kipande kidogo cha kuhesabu vistari vinavyobaki baada ya irabu zote kufunguliwa, nione kama kitayapanga kama nilivyoyapanga mimi.