Kisigino Kilichoinuka

Siku ya pili ya mafunzo ya kuchunguza mwendo wa watumiaji wa miguu bandia, mwalimu wetu alitukataza kusema neno lolote hadi mzee aliyejitolea kutusaidia aende na kurudi ukumbini mara nne. Mzee huyo alikuwa amekatwa mguu wa kulia juu ya goti. Mara mbili tulimtazama tukiwa ubavuni mwake, na mara mbili tukiwa mbele na nyuma, kwa kuwa kiwiliwili kinachoinama upande hakionekani vizuri kutoka ubavuni, wala urefu wa hatua hauonekani vizuri kutoka mbele.

Nilikuwa nimefanya kazi ya fiziotherapia kwa miaka sita, nami nilijiamini. Kila mguu bandia ulipopita hewani, kisigino cha mguu wake mzima kiliinuka, na mwili wote ukapanda kama wa mtu anayechungulia juu ya ukuta. Nikaandika: "Mguu bandia ni mrefu mno, upunguzwe."

Mwalimu aliisoma karatasi yangu akauliza kwa upole, "Hilo umeliona, au umelikisia?" Akamwomba mzee asimame wima, uzito ukiwa kwenye miguu yote miwili, kisha akaniambia niweke viganja juu ya mifupa ya nyonga zake. Viganja vyangu vilikuwa sawasawa: mguu bandia haukuwa mrefu mno.

"Shikamoo mzee," nikasema, kwa maana hata kumsalimu nilikuwa sijamsalimu. "Mguu huu unakusumbua wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Haunisumbui. Ila tangu nipungue mwili unachezacheza. Nikiuinua nausikia unataka kubaki chini."

Kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa, kilikuwa kimesinyaa, na soketi, sehemu ya mguu bandia inayokishika kigutu, ikalegea. Mzee alipokanyaga, uzito wake ulikizamisha kigutu ndani ya soketi na urefu ukawa sahihi. Alipourusha mguu mbele, ukateleza chini, ukarefuka wakati uleule uliopaswa kupita bila kugusa sakafu. Kisigino kiliinuka ili kuupa nafasi. Dalili hiyohiyo ingeweza kuletwa na goti bandia lisilokunjika kwa wepesi, au na hofu tu ya kujikwaa, nami nilikuwa nimechagua sababu moja bila kuipima hata kidogo. Lau mguu ule ungepunguzwa, nyonga ya kulia ingeshuka kila alipoukanyaga, na kiwiliwili kingeanza kuinamia upande huo: tungempa kasoro ambayo hakuja nayo. Wazo hilo bado linanisumbua.

Tulimwongezea soksi moja ya kigutu na kukaza mkanda. Safari ya kwanza kisigino kiliinuka bado, ingawa kidogo. Safari ya tatu kilibaki sakafuni kwa hatua nyingi. Mwalimu alinipa karatasi mpya. Safari hii niliandika kisigino kiliinuka lini, kwa kiasi gani, na katika hatua zipi hakikuinuka, kisha nafasi ya sababu nikaiacha wazi hadi tulipomaliza kupima goti.