Nilivyoanza kuwatunza watu ninaokutana nao kikazi

Simu yangu ilijaa namba za watu wa semina na makongamano, nyingine nimezihifadhi kwa majina kama "Kaka Semina" na "Dada Maji". Siku moja Dada Maji akapiga. Alinisalimu kwa jina, akamjulia hali mwanangu aliyekuwa anaumwa siku tulipoonana, halafu akauliza kwa upole kama ile ripoti niliyomwahidi imepatikana. Sikukumbuka ripoti yoyote. Miezi saba mwenzangu alikuwa amenitunza moyoni, mimi nina namba yake tu. Iliniuma sana.

Jioni hiyo nikamwaga mezani kadi zote za watu. Zilizokuwa safi, zisizo na alama ya kalamu, karibu zote sikuweza kuzioanisha na sura. Lakini chache nilizoziandika neno nyuma, kwa mfano "anatafuta mkalimani, anazungumza taratibu", zilimrudisha mtu mzima mzima: sauti yake, alipokuwa amesimama, hata nilichomjibu. Nikaona kosa langu. Nilikuwa nakusanya majina na vyeo, ambavyo vimeshachapwa kwenye kadi, na mazungumzo nayaacha yapotee.

Siku hizi naandika kabla sijalala. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Kijerumani, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na matokeo aliyoyatoa mwaka 1885 yalionyesha kwamba sehemu kubwa hupotea ndani ya siku ya kwanza tu. Jina la mtu mgeni halina tofauti kubwa na silabi hizo mpaka ulifunge kwenye jambo mlilozungumza.

Nina lahajedwali moja: jina, tulipokutana, tulichozungumza, nilichoahidi, tarehe ya kumtafuta tena. Safu ya ahadi ndiyo roho ya kazi yote. Kila Ijumaa asubuhi naipitia hiyo kwanza, na ahadi ambayo haijatimizwa inatangulia shughuli nyingine. Niliwahi kutumia programu inayokumbusha yenyewe, nikaiacha. Nilijikuta natuma salamu zile zile kwa kila mtu, na mtu anaijua salamu isiyomlenga yeye.

Ninaowatafuta mara kwa mara ni wachache, kama thelathini. Wengine nawaandikia mara moja kwa mwaka, nikiwa na jambo la kweli la kuwaambia: tangazo la kazi linalowafaa, au jibu la swali walilowahi kuniuliza. Hao wa mbali siwadharau hata kidogo. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alionyesha kwamba wengi wa waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu waliipata kwa mtu wanayeonana naye mara moja moja au kwa nadra, kwa kuwa huyo husikia habari ambazo marafiki zako wa karibu hawana.

Faili nimelifungia nywila, na siandiki humo siri ya mtu. Kila mstari nauandika kana kwamba mwenyewe atausoma.

Ripoti ya Dada Maji niliituma kesho yake, pamoja na kumwomba radhi. Mstari wa kwanza wa lahajedwali ni wake, na hapo nimeliandika jina lake kamili.